Parachuti kuu ikigoma juu ya bahari: akiba inavutwa lini, na ukishaivuta unatuaje?

BintiLikoni:

Hamjambo wanajukwaa. Naanza kozi ya AFF, yaani ya kujifunza kuruka na parachuti, hapo Diani na nimeshapewa kijitabu cha kusoma. Sehemu ya dharura nimeisoma yote, lakini imeniachia maswali ambayo ningependa yajibiwe na wanaoijua kazi yenyewe.

Kwanza, kijitabu kinasema parachuti kuu ikiharibika uikate kwanza, ndipo uvute ile ya akiba. Kwa nini? Parachuti mbovu si inapunguza mwendo angalau kidogo? Mbona nijirudishe kwenye kuanguka kwa hiari yangu?

Pili, kila begi lina AAD, kifaa kinachofungua akiba chenyewe. Ikiwa ipo, ile mistari ya urefu wa kuamua iliyo kijitabuni ina kazi gani?

Tatu, na hili ndilo linalonikosesha raha: ufuo wetu ni mwembamba. Huku minazi, mahoteli na nyaya za stima, huku bahari. Mtu aliyekata kuu hafiki pale alipopanga kutua. Akiangukia majini na akiba afanye nini? Kijitabu kina aya moja tu kuhusu maji.

Naomba hatua kwa hatua, na sababu zake. Shukran.

NahodhaWaAnga:

Dada BintiLikoni, karibu. Nianze na namba, maana uamuzi wa dharura unapimwa kwa altimita, kipima urefu. Hofu yako na matumaini yako havina nafasi humo.

Ukianguka kwa tumbo, mwendo ukishatulia, unashuka karibu kilomita 200 kwa saa. Hiyo ni futi 1,000 kila sekunde tano na nusu. Mwanafunzi wa AFF anafungua kuu kwenye futi 5,500. Mstari wake wa uamuzi ni futi 2,500. Ukifika hapo na juu yako hakuna parachuti unayoweza kutua nayo, unakata na kuvuta akiba, hata kama unahisi ilikuwa karibu kutengemaa. Chini ya futi 1,000 hukati tena. Sasa piga hesabu: ikiwa hakuna kilichotoka kabisa, kutoka 5,500 hadi 2,500 una sekunde kumi na sita, na kutoka 2,500 hadi mchangani sekunde kumi na nne. Ndiyo sababu kishikio cha kuu kinatafutwa mara mbili tu. Hukukipata mara ya pili, unakwenda kwenye akiba. Watu wameumia kwa kutafuta mara ya tano.

Hitilafu ziko za aina mbili. Za kasi ni zile ambazo hakuna kitambaa kilichojaa hewa: hakuna kilichotoka, au parachuti ndogo ya kuvuta imetoka lakini inaburuta nyuma bila kufungua pini, au mfuko umetoka na kamba zimenyooka lakini kitambaa kimebaki ndani ya mfuko. Hizi hazina majadiliano, maana unashuka karibu sawa na mtu asiye na kitu. Za polepole ni pale kitambaa kimejaa lakini kina kasoro: kamba zimesokotana, kamba moja imepita juu ya kitambaa, slaida (kitambaa kidogo kinachoteleza kwenye kamba) imekwama juu, breki moja (kamba ya nyuma ya kuongozea) imeachia mapema na parachuti inazunguka, au kitambaa kimechanika.

Kwa za polepole kuna maswali matatu ukiinua macho. Ipo? Ina umbo la mraba? Inatii? La tatu linajibiwa kwa mikono, macho peke yake hayatoshi. Toa breki, geuka nyuzi 90 kushoto, geuka 90 kulia, kisha vuta vishikio vyote viwili vya breki mpaka chini uone kama inapunguza mwendo. Parachuti inayokwenda moja kwa moja lakini haiwezi kupunguza mwendo wa kutua haijafaulu. Slaida iliyokwama, pampu breki zote mbili. Seli (vyumba vya hewa vya kitambaa) za pembeni zilizofunga, vivyo hivyo. Kamba zilizosokotana, tenganisha raiza (mikanda ya mabegani inayobeba kamba) nyuma ya shingo na upige mateke kinyume cha msokoto. Yote hayo yafanyike juu ya 2,500. Inayozunguka kwa kasi usiipe muda hata kidogo, kwa sababu inakula urefu mwingi, na kadiri inavyozunguka ndivyo mikono inavyokuwa mizito kufika kwenye vishikio vya kukatia na vya akiba.

Umeuliza kwa nini ukate kwanza. Akiba inatoka mgongoni na kupanda juu, na juu ndipo ilipo kuu mbovu na kamba zake. Parachuti ndogo ya akiba ikinasa kwenye zile kamba, una vitambaa viwili visivyojaa, na hakuna cha tatu. Kuu iliyoharibika inapunguza mwendo, ndiyo, lakini si kiasi cha kukuokoa mfupa. Ukiikata unarudi kwenye hewa safi kwa sekunde moja au mbili, na akiba inafunguka bila kizuizi.

Sasa mikono yenyewe. Kishikio cha kukatia kiko kulia, laini, aghalabu chekundu. Cha akiba kiko kushoto, mara nyingi cha chuma. Kunja mgongo, miguu nyuma. TAZAMA cha kulia, kishike. TAZAMA cha kushoto. Bandua cha kulia kutoka kwenye velkro kabla ya kuvuta, kisha vuta kwenda chini mpaka mkono unyooke na waya zote mbili zitoke. Hapo hapo vuta cha kushoto mpaka mwisho. Usisubiri kutulia katikati. Kuna shule zinafundisha mikono miwili kwa kila kishikio, na kuna zinazofundisha mkono mmoja kwa kimoja. Fuata ya mwalimu wako, na uirudie ukiwa umening'inia kwenye mikanda ya mazoezi mpaka mkono usiulize tena.

FundiPete:

Nahodha amemaliza upande wa mrukaji. Mimi nieleze vifaa, kwa sababu ukijua kinachotokea mgongoni mwako hutavuta nusu nusu.

Kuu imefungwa mabegani kwa pete tatu kila upande, kubwa, ya kati na ndogo, zimepitana moja ndani ya nyingine, na ya mwisho inashikwa na kitanzi cha uzi kilichozuiwa na waya wa njano. Mfumo huu ulibuniwa na Bill Booth huko Marekani katika miaka ya 1970. Kila pete inapunguza mzigo unaofika kwa inayofuata, hivyo uzito wote wa mwili wako unaning'inia juu lakini waya unachomoka kwa nguvu ndogo ya mkono. Waya ukitoka, pete zinageuka na raiza inaondoka. Mfumo huu hauna chemchemi wala betri.

Unaharibika kwa uzembe wa matunzo. Waya wa njano unapata utando wa uchafu na kuwa mzito, na huku pwani vumbi la mchanga na chumvi vinauharakisha. Kila mwezi utolewe, ufutwe kwa kitambaa safi na kupakwa silikoni kidogo kufuatana na maelekezo ya mtengenezaji. Pete zitenganishwe, na utepe wa raiza ukunjwe huku na huku mahali pete zinapokaa, kwa maana utepe uliokaa umekunjika unakuwa mgumu na pete hazigeuki upesi. Kingine ni msokoto: kamba zikisokotana mpaka chini, raiza zinaubana waya na mvuto unakuwa mgumu sana. Raiza nzuri zina vijibomba vigumu ndani ya kupitishia ncha za waya kwa ajili ya hilo. Unapokodi vifaa, uliza kama vipo.

Akiba ni kitu kingine kabisa. Kitambaa chake kiko ndani ya mfuko usioungwa na kitu, na parachuti yake ndogo ina chemchemi: pini ikitoka, inaruka yenyewe hewani na kuvuta mfuko. Vipimo vya uthibitisho vinaitaka ifunguke ndani ya sekunde 3 au futi 300, na kishikio chake kisihitaji zaidi ya kilo 10 za nguvu. Wakati mwingine ile ndogo inakaa sekunde moja kwenye hewa tulivu nyuma ya mgongo wako. Geuza bega moja utazame nyuma, hewa itaishika.

Akiba hukunjwa na fundi mwenye leseni tu, na anaweka uzi mwekundu wenye muhuri kwenye pini. Marekani sheria inataka ikunjwe upya kila siku 180. Nchi nyingine zina muda wao.

Kuhusu AAD, jibu liko kwenye kiwango chake cha mwendo. CYPRES, aina moja ya AAD, ambayo ya kwanza ilitoka Ujerumani 1991, katika mpango wa mrukaji mzoefu inakata kitanzi kinachoufunga mkoba wa akiba karibu futi 750, na hapo tu ikiwa unashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Angalia kinachofuata: kuu yenye kamba iliyopita juu, inayokuzungusha na kukushusha kwa mita 20 kwa sekunde, inakuvunja vibaya na AAD ya mzoefu haitasema neno. Ya mwanafunzi inaamka kwenye mita 13 kwa sekunde, kati ya futi 750 na 1,000. Hiyo inasaidia, lakini ina shida yake: haimkatii mtu kuu. Ikifyatua ukiwa bado umening'inia chini ya kuu mbovu, akiba inatoka kwenda kwenye zile kamba alizozitaja Nahodha. Tena mwanafunzi anayezunguka kwa breki moja chini ya parachuti nzima, akiwa chini ya futi 1,000, anaweza kuiamsha na kujikuta na mbili juu. Kwa mtu aliyezirai AAD imeokoa maisha ya wengi, na asirukishwe mwanafunzi bila hiyo. Lakini futi 750 kwa mwendo kamili ni sekunde nne na ushei kabla ya ardhi. Hakuna mpango unaoanzia hapo.

Jambo dogo la hapa kwetu: AAD inapima hewa ya ardhini pale inapowashwa. Begi lililotoka Nairobi, juu ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, lizimwe na kuwashwa upya likiwa chini Ukunda, kabla ya kupanda ndege.

Mwisho, hitilafu nyingi zinatengenezwa chini wakati wa kukunja. Parachuti ndogo ya kuu ambayo uzi wake wa kati haukuvutwa haijai hewa, inaburuta tu. Kwenye utepe wake kuna kidirisha, na rangi ya uzi lazima ionekane hapo. Utepe ukipitishwa vibaya chini ya kifuniko, mkoba haufunguki. Kitanzi cha pini kilicholika kinakatika mapema, kitambaa kinatoka huku parachuti ndogo bado iko mfukoni, na unapata umbo la kwato ya farasi mgongoni. Kamba zilizopangwa kwenye mipira ya kufungia iliyolegea zinatoka zote kwa mpigo na kusokotana. Macho ya dakika mbili kabla ya kuvaa yanaona karibu yote haya.

BintiLikoni:

Ahsanteni sana, kaka Nahodha na fundi. La AAD nimelielewa vizuri sasa.

Limebaki la bahari. Niliambiwa kwamba nikiona naingia majini nikate parachuti mita chache juu ya maji ili isinifunike. Ni kweli? Na kwa akiba ni hivyo hivyo?

MzamiajiGalu:

Si kweli, dadangu, na huo ushauri umeua watu. Juu ya maji matulivu jicho halina cha kupimia. Hakuna mnazi, hakuna kivuli. Mtu anaona mita tatu kumbe ni thelathini. Unabaki kwenye mikanda mpaka miguu yote miwili iwe ndani ya maji.

Lakini swali lako la pili ndilo kubwa zaidi. AKIBA HAIKATIKI. Raiza zake zimeshonwa moja kwa moja kwenye mikanda ya mwili, hazina pete tatu. Kile kishikio cha kulia umeshakitumia na hakina kazi tena. Kwa hiyo aliyeingia majini na akiba ana njia moja tu ya kuachana na kitambaa: kutoka kwenye mikanda.

Kuna na la pili linalosahaulika. Akiba ikiwa bado imekunjwa mgongoni, ina hewa ndani na begi linaelea kwa muda, unaweza kulishikilia. Ukishaitumia, begi ni tupu. Halielei kwa kiasi cha kukubeba. Kwa hiyo koti la kujiokoa, lile jembamba la kujazwa kwa kuvuta, linamhusu zaidi aliyekata kuu kuliko asiyekata, na yeyote anayeruka ufuoni alivae kila mruko, bila kujali anajua kuogelea vipi.

Akiba ikishafunguka, kazi ya kwanza si maji. Ni kuangalia kama imekaa sawa, kisha uko futi ngapi, kisha upepo. Usiifukuze kuu kwa macho. Tukichukulia imefunguka kwenye futi 2,000 na inashuka mita 5 kwa sekunde, una dakika mbili. Kwenye upepo wa noti 15 (karibu kilomita 28 kwa saa) hewa yenyewe itakubeba zaidi ya mita 900 katika dakika hizo. Hapa uzuri ni kwamba ufuo wetu unatazama mashariki, na Kusi na Kaskazi zote mbili zina upande wa kusukuma kuelekea nchi kavu. Aliyefungua juu ya bahari akiupa upepo mgongo anaweza kufika mchangani. Hatari ni kuupitiliza na kuingia minazini. Upepo wa alfajiri utokao bara unafanya kinyume chake, unakupeleka nje, na ukiwa chini ya futi 1,000 umeshachelewa kubishana nao. Amua ukiwa juu: nafika au sifiki. Akiba aghalabu ina seli 7 na haitelezi mbali kama kuu ya seli 9, kwa hiyo usiipigie hesabu ya kuu.

Ukiona hufiki, jiandae kati ya futi 2,000 na 1,000, usingoje zaidi. Vua glovu, fungua kioo cha kofia, jaza koti, legeza mkanda wa kifua bila kuufungua wote. Ya miguu usiiguse bado. Geuka uutazame upepo. Ukikaribia, shusha vishikio vya breki nusu na uviweke hapo, miguu na magoti pamoja, kana kwamba unatua mchangani, kwa sababu maji ya ndani ya mwamba, bahari ikipwa, yanaweza kuwa ya magotini, chini kuna mawe na viumbe wa baharini wenye miiba. Jaza mapafu kabla ya kugusa.

Ndani ya maji: malizia mkanda wa kifua, kisha ya miguu, tupa mikono nyuma uteleze utoke. Ogelea kwa mikono, miguu itulie, maana anayepiga mateke ndiye anayejifunga kwa kamba. Nenda upande upepo unakotoka, mbali na kitambaa. Kikikuangukia kichwani, kinashika uso kama kanga iliyolowa, usikipige ngumi. Kiinue kwa kiganja upate hewa, tafuta mshono mmoja, ufuate kwa mikono mpaka ukingo, usibadilishe mshono njiani.

Na mtazame jedwali la maji la Kilindini kabla ya kupanga siku. Bamvua ikijaa, ule mchanga mpana mliouona asubuhi haupo. Ufuo wa kutulia unabaki kipande, na anayetua kwa akiba anahitaji nafasi kubwa kuliko wengine. Boti iwe majini kabla ndege haijaondoka, na aliyemo ajue anatafuta nini. Aliyekata ana vitambaa viwili angani. Boti imfuate mtu kwanza, kuu baadaye.

Kaskazi77:

Mzamiaji amesema vyema, naongeza RSL. Ni ule mshipi mfupi unaounganisha raiza ya kuu na pini ya akiba: kuu ikikatwa, raiza inapoondoka inavuta pini. Kwa anayekwenda majini na KUU, ifunguliwe shakeli yake (kifungo cha chuma) wakati wa kulegeza kifua. Asipofanya hivyo, akikata kuu ndani ya maji akiba inatoka nayo, na sasa ana vitambaa viwili vilivyolowa na begi lisiloelea.

Mimi hata mchangani wakati wa Kusi kali naifungua nikishajua kuu ni nzima. Ukiburutwa unakata kuu tu, akiba inabaki mgongoni.

Halafu kuhusu parachuti ndogo inayoburuta. Nahodha amepita haraka. Hapo kuna shule mbili: kukata kwanza ndipo akiba, au akiba moja kwa moja. Wa kwanza wanahofia kuu kufunguka pamoja na akiba, wa pili wanahofia sekunde zinazopotea. Zote zina watu wenye akili nyuma yake. Mwanafunzi asichague mwenyewe angani, achukue ile ya shule yake aiache hivyo.

NahodhaWaAnga:

Kaka Kaskazi, kwa mzoefu hapo kwenye Kusi nakubali. Kwa mwanafunzi sikubali. Asiguse RSL juu ya nchi kavu. Mkono unaotafuta shakeli kwenye futi 900 hauko kwenye breki, na kuu inaweza kuharibika hata baada ya kukaguliwa akigongana na mwenzake. Akiburutwa mchangani avute kishikio KIMOJA cha breki, mkono kwa mkono, mpaka kitambaa kianguke, kisha akimbie akizunguke mpaka kitambaa kiwe kati yake na upepo. Njia hiyo inafanya kazi pia kwa akiba, ambayo hata ukitaka huwezi kuikata. Ajifunze moja inayofaa zote mbili.

Nimalizie la mbili kufunguka pamoja, kwa sababu fundi ameligusa. Zikikaa moja mbele ya nyingine, ziache, usitoe breki za ya nyuma, ongoza ile ya mbele taratibu kabisa na utue hivyo hivyo bila kupunguza mwendo kwa nguvu, miguu pamoja na ujiviringishe. Zikikaa ubavu kwa ubavu na hazijashikana, ongoza ile kubwa kwa upole, au kata kuu ukiwa na urefu na njia iko wazi. Zikiachana na kuelekea chini, moja kushoto moja kulia, kata kuu mara moja. Kwanza tazama RSL haijanasa kwenye akiba.

Na minazi: ukiona huikwepi, miguu pamoja, breki nusu, viwiko mbele ya uso. Ukining'inia huko juu, kaa. Usifungue mkanda wowote mpaka waje na ngazi. Nyaya za stima zikwepe hata kwa kutua vibaya mahali pengine, na aliyenaswa asiguswe na mtu mpaka Kenya Power wakate umeme.

Kijana_Mtwapa:

Wakuu, samahani kwa kuingilia. Mama anataka kuruka tandemu, yaani kufungwa na mwalimu. Haya yote yanamhusu? Ana miaka 58 na anaogelea kidogo.

FundiPete:

Vishikio havimhusu, mwalimu ndiye anayekata na kuvuta. Begi la tandemu lina kuu, akiba na AAD yake inayofyatua juu zaidi, karibu futi 1,900, kwa kuwa watu wawili wanahitaji nafasi kubwa. Tena kuna parachuti ndogo inayotolewa mapema ili kuushikilia mwendo wa watu wawili uwe kama wa mmoja.

Kazi ya Mama ni tatu. Mikono yake ikae kwenye mikanda ya kifuani mwake, asiishike mikono ya mwalimu hata akiogopa, kwa maana ndiyo inayotafuta kishikio. Wakikata kuu atahisi wameanguka tena ghafla. Aambiwe mapema, aendelee kukunja mgongo na asirushe miguu. Na wakati wa kutua ainue magoti juu aweze kuyashika. Ajaribu hilo nyumbani akiwa ameketi kitini: kama hawezi kuyainua na kuyashikilia kwa sekunde kumi, amwambie mwalimu kabla ya kulipa.

Kwa maji, avae koti la kujiokoa hata wakimwambia wanatua mchangani. Na wewe, ukimsindikiza, omba kuonyeshwa kadi ya akiba ya begi atakalovaa. Inakaa kwenye mfuko mdogo wa begi, ina tarehe ya kukunjwa na sahihi ya fundi. Watu wa kazi hawachukii kuulizwa.

BintiLikoni:

Nimenakili yote. Kesho naenda kuuliza kuhusu vile vijibomba vya raiza, koti, na boti ya siku ya mruko. Mungu awalinde nyote.